Mtu wa Majaribio

Migori,
12 Januari 1997

Mjomba Wesley,

Ni mimi Mellen, mtoto wa dada yako. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Phelesia, na homa ya mtoto iwe imeisha. Mama yuko nyumbani Ntimaru, mgongo unamsumbua lakini amemaliza kulima. Baba anakohoa kama kawaida. Mjomba Kerosi alishuka kutoka mlimani siku ya soko akamwachia Mama maziwa, na akasema yule mtamba aliyemwahidi kaka yangu Maroa sasa ana mimba.

Mimi nimepata kazi. Nilipomaliza mtihani Sister Marcella aliniita hapa kituo cha afya niandike majina ya wagonjwa kwenye kompyuta. Hakuna anayenilazimisha kuongea, kwa hivyo ninaipenda. Bwana Wangwe, tabibu wetu, hunicheka. "Mellen, hiyo mashine inapiga kelele kukushinda."

Sasa jambo lenyewe. Ile programu ya watoaji damu uliyonionyesha Desemba haifunguki. Nimeweka disketi yako na mashine inasema disketi haijaandaliwa, je, iiandae sasa? Nilijibu hapana kwa sababu niliogopa itafuta kila kitu. Nilipojifunza lugha ya C kwako nilidhani programu ukishaiandika itafanya kazi kwenye mashine yoyote.

Tunaihitaji, Mjomba. Jumanne waliletwa watu wawili kutoka kwetu. Ng'ombe wa bondeni kwetu walikuwa wamechukuliwa, watu wakafuata nyayo, wakakutana na wa mlimani wenye mishale. Mmoja alikuja ameketi wima nyuma ya pikapu, mkuki umevunjikia mbavuni, kwa sababu hakuweza kulala upande wowote. Alikuwa anaomba maji kwa heshima sana, kama mgeni. Sister alipiga simu huku na huku akitafuta mtu wa damu yake, akiandika namba kwenye kiganja. Mtoaji alipofika, shuka ilikuwa imeshavutwa juu ya uso.

Nilipiga deki mimi. Damu ikikauka kwenye saruji haitoki kwa maji tu.

Nisaidie.

Mpwa wako,
Mellen

*

Homa Bay,
2 Februari 1997

Mpwa wangu Mellen,

Salamu zako zimefika na barua, zote mbili zikinuka sukari ya dukani kwa Mohamednur. Mwambie asante. Kama pikapu yake inakuja huku kuchukua samaki kila wiki, tusihangaike na posta. Mtoto amepona, sasa anatafuna waya. Phelesia anauliza kama unakula.

Ulifanya vizuri kujibu hapana. Kosa ni langu. Mashine yangu ni Macintosh, zawadi ya padri aliyerudi kwao, na yako ni ya DOS. Yangu inaweza kusoma disketi zilizoandaliwa kwako, lakini yako haiwezi kusoma zangu. Kwa hivyo kuanzia sasa disketi zote ziandaliwe kwako, na faili uzipe majina mafupi, herufi nane mwisho, bila nafasi katikati. Mimi naweza kuita faili "Watoaji wa Homa Bay" na mashine yangu ikafurahi. Yako italikata jina vipandevipande.

Halafu igawanye programu. Mambo ya watu na damu ni mamoja kwetu sote, O hasi ya Migori ndiyo O hasi ya Homa Bay. Mambo ya mashine, kama kusafisha skrini, kuuliza tarehe, kufungua faili, yatoe humo uyaweke kando peke yake. Utakuwa na kipande chako cha kando, nami changu, na ile sehemu kubwa ya katikati itakuwa moja. Ukijikuta umeandika katikati jambo ambalo mashine yako tu inalielewa, simama, ulitoe.

Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Mashine yangu imetoka Amerika, kwake tarehe tatu Aprili ni tarehe nne Machi, na damu iliyoharibika haijali ni nani aliyesoma vibaya.

Usingoje kumaliza ndipo ujaribu. Ukibadilisha kitu kidogo, kijaribu kwako, nitumie, nikijaribu kwangu. Tukingoja hadi mwisho hatutajua kosa liliingilia wapi.

Na hili ulishike kuliko yote. Programu ikishindwa, lazima iseme imeshindwa nini. Kama haikuweza kufungua faili, iseme. Kama imemruka mtu, iseme imemruka na kwa nini. Ikijibu tu "hakuna mtoaji", mtu atakufa na wewe utadhani ilitafuta.

Ndani ya programu nimeweka mtu mmoja wa majaribio ili uwe na wa kutafuta. Ni mimi mwenyewe. Damu yangu ni O hasi kweli, lakini usije ukaniita, naogopa sindano kuliko mamba. Ukimaliza kazi, nifute.

Maroa hukumtaja. Yuko wapi siku hizi?

Mjomba wako,
Wesley

*

Migori,
16 Machi 1997

Mjomba,

Habari za siku nyingi. Matokeo yametoka, nimepata B ya kutoa. Sister Marcella alinikumbatia mbele ya wagonjwa, nikatamani kujificha chini ya meza. Mama aliuza kuku akanunua soda za jirani wote. Natumaini Phelesia na mtoto ni wazima na waya zimebaki.

Nimegawanya programu kama ulivyosema. Kwa watu wa Migori inafanya kazi. Lakini faili lako la Homa Bay lina ajabu. Likifunguliwa hapa, watu wako wote wanakuwa mtu mmoja mwenye jina refu sana linalopita ukingo wa skrini. Ukitafuta, anaonekana huyo mmoja, wengine hawapo. Bwana Wangwe aliangalia akasema, "Huyu jamaa wa Homa Bay ana damu ya kila aina, tumkamue yeye tu." Yeye hufanya mzaha hata akiwa na mikono myekundu mpaka viwiko.

Wiki hii hakuwa na mzaha. Alikuja mzee kutoka kwetu bondeni, amekatwa panga begani mpaka mkono umening'inia kwa ngozi. Alipata damu haraka kwa sababu mtoaji alikuwa hapa hapa, seremala mmoja mwenye asili ya mlimani anayetengeneza madirisha yetu. Mzee alikuwa anaendelea vizuri. Jioni wanawe walikuja kumwona, mmoja akauliza damu ile ni ya nani, na msaidizi akataja jina bila kufikiri.

Mzee aliuvuta mpira wa damu kwa meno. Sindano ilitoka na kipande cha ngozi. Alisema, "Nitakufa na yangu." Nilikuwa nimesimama na trei. Wanawe walimzuia Bwana Wangwe mlangoni, wawili kifuani, mmoja na rungu, na mzee alifariki akitutazama, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa hivyo Bwana Wangwe ameniagiza niongeze safu ya ukoo. Sasa ukitafuta mtoaji, programu inauliza ukoo wa mgonjwa, na inamruka mtoaji wa upande wa pili. Inaokoa ugomvi. Nakutumia uiweke na kwako. Wewe nimekuandika mlimani, kwa kuwa ndiko nyumbani kwenu na Mama.

Kulikuwa na swali lako jingine mwishoni lakini karatasi imekwisha.

Mellen

*

Homa Bay,
20 Aprili 1997

Mellen,

Sisi ni wazima, isipokuwa tumemzika ndugu yangu Kerosi.

Najua umeshasikia. Mama yako alikuja mazishini. Jamaa zetu walimkalisha nje ya ua, juani, kwa kuwa ameolewa bondeni, na alipotaka kutupa udongo wakampokonya. Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi barabarani.

Waliingia usiku, wakatoka na ng'ombe wote. Kerosi aliwafuata peke yake akiwa na tochi. Wanawe walimkuta asubuhi bado ameishika. Walikuwa wamempiga mpaka sisi tulimtambua kwa viatu.

Nitakuambia jambo moja tu, kisha turudi kwenye kazi. Ua haukukatwa. Lango lilifunguliwa. Unalijua lile lango la magogo matano, uliwahi kubanwa kidole pale. Ukivuta gogo la juu kwanza, kama mtu yeyote angefanya, yote yanakaza na kupiga kelele. Lazima uanze na la pili kutoka chini, ulizungushe. Kerosi hakumfundisha mgeni. Aliwafundisha watoto waliochunga ng'ombe wake wakati wa likizo.

Sasa kazi. Mtu mwenye jina refu si ajabu. Kila mashine ina namna yake ya kuonyesha mstari umekwisha. Yangu huweka alama moja isiyoonekana, yako hutaka mbili. Ikikosa ile ya pili, yako huendelea kusoma tu, ikidhani mstari bado. Usinitake mimi nibadilishe yangu wala usibadilishe yako. Fundisha programu kukubali zote, ile moja na zile mbili, wakati wa kusoma. Wakati wa kuandika, kila mashine iandike kwa desturi yake.

Safu ya ukoo siiweki. Nilikuambia ukijikuta umeweka katikati jambo linalofaa upande mmoja tu, ulitoe. Nesi wa hapa ataisoma na kuuliza ukoo wa Mjaluo wa Rachuonyo ni mlimani au bondeni. Bwana Wangwe ana hofu yake, naielewa. Lakini sasa programu yako ikisema "hakuna mtoaji", inadanganya.

Safari hii sikuulizi kuhusu Maroa.

Wesley

*

Migori,
8 Juni 1997

Mjomba,

Nisamehe kwa kukawia. Nilianza barua mara kadhaa. Pole kwa Mjomba Kerosi. Najua neno hilo ni dogo. Alinifundisha kukama, na nilipobanwa kile kidole alikinyonya mpaka kikaacha kuuma.

Mama alirudi akakaa jikoni na ile leso ya mazishini mpaka ilipochakaa. Hampikii Maroa. Wiki iliyofuata watu wa mlimani walishuka mchana wakachoma nyumba za upande wetu. Ghala letu liliungua na mahindi yote ndani, yakawa yanalipuka, na mbuzi aliyesahauliwa alilia kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana. Baba alimwagiwa mafuta ya taa lakini kiberiti kilikuwa kimelowa. Wao ndio waliocheka, wakaondoka. Naandika hivi ili ujue, si ili tulingane.

Alama za mwisho wa mstari nimezitatua. Sasa programu inasoma herufi moja moja, ikikutana na alama ya kwanza inakata mstari, na ikiona ya pili inafuata, inaipita. Watu wa Homa Bay wametengana, kila mtu na jina lake. Nilifurahi, halafu nikaona haya kwa kufurahi.

Safu ya ukoo bado ipo. Nilimwambia Bwana Wangwe ulivyosema, akaniuliza, "Mjomba wako atakuja kusimama mlangoni wakija na rungu?" Nikiwa mbele ya mtu majibu hunipotea.

Kuhusu lango sina la kusema.

Mellen

*

Migori,
17 Agosti 1997

Mjomba,

Sikuulizi habari za nyumbani kwa sababu najua uko kitandani kama mtu aliyetoa damu nyingi kuliko inayoruhusiwa. Nesi wa kwenu ameniambia. Phelesia asikuruhusu kuchota maji.

Simu ilikatika kabla sijamaliza. Au uliikata. Kwa vyovyote nitamalizia hapa, kwa sababu kwa karatasi ninaweza.

Walimleta Maroa mchana, kwenye mlango uliong'olewa kutoka nyumba fulani, wamembeba wanne. Mshale ulikuwa umeingia kwenye paja karibu na kinena na wao wakauvuta. Unajua mishale yetu ina miiba inayotazama nyuma. Ulitoka na nyama, na mshipa ukafunguka. Rafiki yake mmoja alikuwa ameingiza ngumi kwenye lile tundu njia nzima, na alipoambiwa aitoe hakuweza kunyosha vidole.

Bwana Wangwe alipima. O hasi. Akanipigia kelele nitafute. Nikaandika aina ya damu, mashine ikauliza ukoo, nikaandika bondeni. Ikajibu: Hakuna mtoaji.

Nilijua inadanganya. Ni mimi niliyeiandika. Nilijua kuna mtu mmoja ndani ambaye nilipaswa kumfuta zamani.

Niliingia chumba cha upasuaji bila kubisha. Nikasema, "Yuko mmoja. Mjomba Wesley." Bwana Wangwe akasema, "Wa mlimani?" Nikasema ndiyo. Maroa alikuwa macho. Akasema, "Usimwite." Nikasema nitamwita. Akasema, "Mellen, mimi ndiye niliyetoa lile gogo." Wote walisikia, hata Sister Marcella. Maroa akasema hakumpiga Mjomba Kerosi, alikuwa mbele na ng'ombe, lakini alimsikia akipigwa na alimsikia akimtaja kwa jina. Mjomba Kerosi aliita, "Maroa, ni wewe?" Na yeye akaendelea kuswaga ng'ombe.

Sister alishika simu aseme tu kwamba ni mgonjwa, kijana, mshale. Angeweza. Ungetoa damu bila kujua. Lakini uliniandikia kwamba kitu kikiharibika lazima kisemwe ni kipi. Nikamnyang'anya Sister simu. Sijawahi kumnyang'anya mtu chochote. Ndipo uliposikia sauti yangu ikisema ni Maroa, na kwamba alifungua lango. Halafu laini ikafa.

Tulingoja. Bwana Wangwe alikaa na magoti yake juu ya paja la Maroa. Mashuka yakaisha tukatumia mapazia.

Pikapu ya Mohamednur, iliyokuwa Homa Bay siku ile kuchukua samaki, iliingia mpaka kwenye maua ya Sister. Aliruka na kile kikasha cha barafu akipiga kelele, "Wewe Mellen, sauti leo unayo? Ita watu! Huyu mtu wa Homa Bay ameniambia nikisimama njiani hata kukojoa ataniua!" Mifuko ilikuwa na mwandiko wako. Jina lako lote, na la baba yako.

Maroa alipoona jina alifanya kama yule mzee. Aligeuza kichwa akatafuta mpira kwa meno. Nilimpanda kifuani, Mjomba. Nikamfunga mkono kwenye chuma cha kitanda kwa bendeji. Aliniuma hapa chini ya kidole gumba mpaka meno yakakutana, na ndiyo sababu mwandiko huu ni mbaya. Nikampiga kofi, la pili nikampiga ngumi. Nilimwambia, "Utakunywa yote." Nililia lakini sikushuka kifuani mpaka mifuko ikaisha.

Anaishi. Mguu umebaki lakini hautakunjika.

Sijui kama nilifanya vibaya kukuambia.

Mellen

*

Homa Bay,
7 Septemba 1997

Mpwa wangu,

Nimeamka, nakula maini kila siku kwa amri ya Phelesia. Mtoto ameanza kusimama.

Simu niliikata mimi. Phelesia aliniuliza ni nani aliyekufa, nikamwambia bado. Nilitoka nje nikatembea mpaka kwenye maji na kurudi. Njiani nilikuwa namwua Maroa kwa kila kitu nilichokiona, kwa jiwe, kwa kasia, kwa mikono. Kisha nikaenda hospitali kulala kwenye kile kitanda cha watoaji. Nesi aliniambia nikunje ngumi na kuikunjua ili damu itoke haraka. Kukunja hakukunipa shida.

Hukufanya vibaya. Kama ningejua baadaye kwamba nilitoa bila kuambiwa, nisingekuja tena kwenu maisha yangu yote.

Asiniandikie kunishukuru. Sikumsamehe, nilimpa damu tu. Yule mtamba aliyeahidiwa alikuwa zizini usiku ule. Alikuja kuiba ng'ombe wake mwenyewe. Mwambie hivyo.

Akiweza kusimama, apande mlimani mchana, kwa njia kubwa, aseme kwa mke wa Kerosi na wanawe yale aliyoyasema mbele ya Bwana Wangwe. Nitakuwepo. Siahidi kwamba nitaweza kuwazuia. Asipokuja, watashuka wao, na hawatauliza nyumba ni ya nani.

Na utoe ile safu.

Wesley

*

Migori,
14 Desemba 1997

Mjomba,

Salamu kwa Phelesia na mtoto, na kwa mke wa Mjomba Kerosi ukimwona kabla yangu. Mama amepika leo. Maroa alikula upande wa kushoto wa mdomo, ambako meno yamebaki.

Siku Maroa alipopanda mlimani nawe ulikuwepo, lakini ulikuwa nyuma umewashika wale wadogo, kwa hivyo sijui kama ulisikia kila kitu. Mtoto mkubwa wa Mjomba Kerosi alipomaliza na ile fimbo, nilidhani amemaliza kwa sababu Maroa amekufa. Ndipo mke wa Mjomba alipotoka na kusema, "Mwinueni. Afunge lango." Magogo yote yalikuwa chini. Aliyarudisha moja moja, anaburuta mguu, damu inamdondoka kidevuni juu ya mti. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemgusa. La pili kutoka chini aliliacha mwisho, akalizungusha, likakaa. Mke wa Mjomba akasema, "Sasa fungua, uingie kama mtu." Na alipoingia alimpa maji, kisha akageuka akatapika.

Hawajasema yamekwisha. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeletwa hapa na mshale kutoka pande zile mbili.

Disketi iko ndani ya bahasha hii, imeandaliwa kwangu, uijaribu kwako. Safu ya ukoo nimeitoa. Bwana Wangwe aliuliza watu wakija na rungu itakuwaje. Nikamwambia, kwa mdomo, kwamba mimi ndiye nitakayesimama mlangoni. Alinitazama mkono wenye kovu, akasema, "Haya, mama."

Sasa programu ikikosa mtu, inasema imetafuta faili zipi na ni lipi halikufunguka. Nimeijaribu kwa kila aina ya damu. Ya kwako naijaribu mara nyingi zaidi, ili nione jina lako likitokea.

Uliniambia nikufute nikimaliza. Bado sijamaliza.

Mpwa wako,
Mellen